Nane kwa Kumi

Sisi majirani wa mtaa wa Woodley, Nairobi, tuliona mengi mwaka ule, lakini tulilopaswa kuliona lilitupita. Tulimwona Odero akitoka asubuhi na faili mbili kwapani, akishika njia ya Ngong Road kuelekea mjini, tukasema huyo ndiye mwenzetu aliyefika. Tulimwona akirudi jioni na faili tatu, tukasema kazi ya Chuo haina mwisho. Hatukuona kwamba Philister, mkewe, ambaye siku zote alipita mbele ya milango yetu akimsalimu kila mtu kwa jina lake, alikuwa ameanza kutumia kijia cha nyuma, kile kinachofuata ua wa michongoma, ambacho watu hukitumia wakipeleka takataka. Tungaliliona hilo tungaliuliza. Na tungaliuliza tungalijua kwamba katika nyumba ile mlikuwa na mtu aliyepimwa akaonekana hatoshi, na kwamba aliyekitengeneza kipimo alilala naye kitanda kimoja.

Mambo yalianza Oktoba 1973, kwa fomu. Chuo kilikuwa na somo moja lililowabana wanafunzi wote wa mwaka wa kwanza, awe wa sheria au wa uhandisi. Liliitwa Masomo ya Jumla, na nia yake ilikuwa kwamba asitoke mtu pale na shahada mkononi huku hajui watu wa nchi yake wanaishije. Odero alikuwa amelisimamia kwa miaka minne, na alilipenda kama mtu anavyolipenda shamba alilolifyeka mwenyewe. Sasa ikasemwa kwamba somo hilo halina matokeo yanayopimika. Na kisichopimika, Seneti ya Chuo haikitengei nafasi katika ratiba. Mtaalamu mgeni akaja kwa majuma mawili, akatoa mihadhara mitatu, akaacha fomu na kupanda ndege.

Fomu ilikuwa na safu tatu. Mwanafunzi atafanya nini? Katika hali gani? Kwa kiwango gani? Chini ya vichwa hivyo, ili watu waone namna ya kujaza, mgeni alikuwa ameandika mfano mmoja aliouchukua katika shule ya wauguzi ya kwao: mwanafunzi ataitaja mifupa kumi ya mkono, bila kitabu, na atapata angalau nane.

Kamati ya kuijaza fomu ilikutana katika chumba cha ghorofa ya tatu, dirisha likitazama paa za mjini. Mwenyekiti alikuwa Profesa Gichuru, mtu mpole mwenye nyumba ya mawe kule Muthangari na sauti isiyopanda hata akikasirika. Mkono wake wa kushoto aliketi Nzomo wa hisabati, ambaye hakuna kikao kilichopita bila yeye kukitia mzaha.

"Hapa umeandika 'mwanafunzi ataelewa,'" Profesa alimwambia Odero. "Neno hilo limekatazwa. Kuelewa hakuonekani."

"Kunaonekana, Profesa."

"Umewahi kumwona mtu akielewa? Kwa macho?"

"Kila juma. Mwanafunzi hukunja uso, anatulia kidogo, halafu uso unafunguka."

"Basi andika," alisema Nzomo. "Mwanafunzi atakunja uso, bila kitabu, mara nane kwa kumi."

Walicheka wote, na Odero naye akacheka. Kisha akalikata neno. Siku hiyo walikata pia kuthamini, kutambua na kujali. Yaliyobaki ni kutaja, kuorodhesha, kupanga na kuchora.

Ikafika safu ya tatu, ya kiwango. Mtu mmoja wa kemia akanong'ona kwamba labda sita kwa kumi ingewafaa wanafunzi wa mwaka wa kwanza, wengine wao wakiwa wametoka katika shule zisizo na hata maktaba.

"Sita?" Profesa Gichuru aliweka kalamu chini. "Wao kwao wanaweka nane. Sisi tuna uhuru wa miaka kumi. Tutume karatasi inayosema vijana wetu wanatosha kwa sita? Tutaonekanaje?"

Mtu wa kemia alitazama dirishani. Hakuna aliyeuliza kama mifupa ya mkono na maisha ya watu hupimwa kwa ratili moja. Katika safu ya tatu, kwa malengo yote kumi na mawili, wakaandika nane kwa kumi. Na pale penye majibu matano tu, nne kwa tano, maana ndiyo hiyo hiyo.

Lilibaki swali la atakayeshindwa lengo moja na kuyafikia mengine. Wengi walitaka ajumlishiwe alama. Odero ndiye aliyekataa. Alikuwa amesikia kwenye korido kwamba somo lisilo na meno litafutwa ifikapo Julai, na alitaka meno yawepo.

"Lengo ni kama mto," alisema. "Umevuka au hujavuka. Huwezi kufika katikati ukasema uko ng'ambo. Atakayeshindwa hata lengo moja, asiingie mwaka wa pili."

Maneno hayo yalipendeza mno. Yakaandikwa katika kumbukumbu za mkutano, na jina lake pembeni.

* * *

Philister alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kwa miaka tisa kabla ya kufanya, akiwa na umri wa miaka thelathini na mmoja, ule mtihani wa watu wazima wanaoomba kuingia Chuo. Ilikuwa mara yake ya tatu, akafaulu. Mwajiri wake alimpa likizo bila mshahara, kwa sharti kwamba akikosa kuendelea mwaka wowote atarudi darasani na asiombe likizo nyingine. Kwa hiyo katika Oktoba hiyo hiyo, mume alipokuwa akiandika malengo ya Masomo ya Jumla, mke alikuwa katika safu ya nne ya ukumbi, pamoja na wanafunzi aliowazidi umri kwa miaka kumi, akisomea ualimu wa sekondari na kulazimika kuyachukua Masomo hayo kama wenzake wote. Aliwekwa katika kundi la mhadhiri mwingine, ili pasiwe na maneno.

Jioni moja walikuwa mezani, Odero na fomu zake, Philister na daftari lake. Binti yao Lornah alikuwa amekwisha kula. Jikoni, mama yake Odero, bibi mmoja mrefu aitwaye Ajwang, alikuwa akichambua mboga za osuga na kusikiliza kila kitu.

"Baba Lornah, hii nane imetoka wapi?"

"Imepitishwa na kamati."

"Najua imepitishwa. Nauliza imetoka wapi. Mimi nikifundisha darasa la nne sikuwahi kuweka alama ya kupita kabla sijawaona watoto. Mwaka mmoja unapata watoto waliokula, mwaka mwingine wenye njaa."

"Hawa si watoto."

"Ndiyo maana nauliza."

Odero alivua miwani akaipangusa. Ilikuwa desturi yake alipotaka kusema jambo kwa upole. "Mama Lornah, tukianza kuulizana namba imetoka wapi, hatutamaliza. Kila namba imetoka mahali."

"Hiyo ni kweli," alisema Philister. "Na hujanijibu."

Kutoka jikoni sauti ya Ajwang ikaja: "Mwachie mwanaume kazi yake, nyar Ugenya. Wewe soma yako." Hivyo ndivyo alivyomwita siku zote, binti wa Ugenya, kwa jina la kwao, wakati wa kumsifu na wakati wa kumkemea.

"Hii ndiyo yangu, Mama. Nitapimwa kwa hiyo."

"Basi soma kwa nguvu."

Odero alipofika kwenye kazi ya kuandika majibu ya mtihani, ule mwongozo ambao wasahihishaji wangeufuata, Philister alijiondoa mwenyewe. Alichukua daftari akaenda kukaa na mama mkwe jikoni, mlango ukafungwa. Jumamosi nzima ilipita hivyo. Odero aliandika majibu ya lengo la saba, "mwanafunzi atataja sababu tano zinazowafanya watu wahamie mjini," kutoka katika muhtasari wa mhadhara wake mwenyewe, bila kusita, kwa dakika zisizozidi tano: kutafuta kazi, uhaba wa ardhi, elimu, matibabu, na starehe za mjini. Kisha akaongeza sharti alilopendekeza Nzomo ili wasahihishaji watatu wasitofautiane: jibu lisilokuwa katika orodha lisipewe alama. Karatasi akaitia katika bahasha na kuibandika gundi. Waliishi kwa uaminifu wa namna hiyo, na walijivunia uaminifu huo.

* * *

Mtihani ulifanywa Juni. Majina hayakuandikwa, namba tu. Wanafunzi walikuwa mia nne na kumi na wawili. Siku ya tisa baada ya mtihani, Wanjira, mpiga taipu wa idara, aliingia ofisini mwa Odero na orodha iliyooanisha namba na majina. Alikuwa mwanamke wa Kikuyu mwenye maneno machache, aliyezaliwa pale pale kandokando ya mji, Dagoretti, kabla mji haujawafikia. Safari hii hakuiweka karatasi mezani kama kawaida. Aliishika.

"Daktari, wasiofikia ni thelathini na tisa."

"Si wengi. Ni chini ya kumi kwa mia."

"Sio wengi," alikubali Wanjira. "Lakini uketi kwanza."

"Nimeketi, Wanjira."

"Eeh. Basi isome ukiwa umeketi."

Jina lilikuwa la ishirini na sita. Mbele yake, malengo kumi na moja yalikuwa na alama ya vema. Mbele ya lengo la saba palikuwa na mbili kwa tano, na neno moja lililopigwa kwa taipu: hajafikia.

Odero aliitisha karatasi ya majibu ya mkewe. Hakuwa na haki ya kuiona, lakini yeye ndiye aliyekuwa msimamizi, na Wanjira alimletea ndani ya faili nyingine bila kuambiwa. Mwandiko ulikuwa ule ule wa ubaoni, wima, wenye herufi zinazosimama mbalimbali ili mtoto wa nyuma aone. Philister alikuwa ametaja sababu tano kama alivyoamriwa. Kazi. Ardhi. Baada ya hizo aliandika: kumfuata mume aliyeacha kuandika barua. Kuuguza mgonjwa katika hospitali kuu, mgonjwa akafa, na nauli ya kurudi ikawa imekwisha. Na ya tano: aibu, yaani mtu kufanya kosa kijijini ambalo si la kufungwa, bali la kutazamwa.

Pembeni mwa kila moja ya hizo tatu palikuwa na sifuri ndogo, nadhifu, ya msahihishaji aliyefanya alichoambiwa.

Odero aliisoma tena sababu ya nne. Mama yake mwenyewe, aliyekuwa wakati huo Woodley akimsuka Lornah nywele, alifika Nairobi kwa sababu ya nne. Mwaka 1966 alikuja kumuuguza mumewe katika hospitali kuu ile ya mlimani. Mume akazikwa, mama akabaki. Kwa miaka minne Odero alikuwa amefundisha sababu za watu kuhamia mjini, na hakuwahi kumhesabu mama yake.

* * *

"Nilikuwa nikikungoja," alisema Profesa Gichuru. "Kaa, Odero. Chai?"

"Ahsante, sitaki chai. Profesa, mwongozo wa lengo la saba una kasoro. Niliuandika mimi, na nilikosea. Kuna majibu sahihi ambayo hayamo. Na hii nane kwa kumi hatukuipima mahali popote. Ilikuwa mfano wa mgeni. Mfano wa mifupa."

"Mfano?" Profesa alitabasamu kwa huzuni. "Kamati nzima ilikaa miezi saba juu ya mfano?"

"Ndiyo."

"Hilo nitalipelekaje Seneti? Tayari wamelipitisha, wametusifu. Idara tatu zimeomba fomu yetu zikaige." Akakoroga chai isiyo na sukari. "Nikuulize kama ndugu. Uliyaona haya lini?"

Odero alivua miwani.

"Uliyaona baada ya kuliona jina. Sikulaumu. Mimi pia ningeyaona saa ile ile. Lakini fikiria mtu wa nje. Mwalimu anaandika kipimo, anasema lengo ni mto, umevuka au hujavuka. Maneno hayo ni yako, yamo katika kumbukumbu. Halafu mkewe anakwama mtoni, na mwalimu anasema mto ulichimbwa vibaya."

"Wako wengine thelathini na wanane."

"Wako. Na wewe ndiye mtu pekee katika Chuo hiki anayeweza kuwatetea kwa hoja, na ndiye mtu pekee asiyeweza kusikilizwa. Ungekuwa na mke mwingine, Odero, ungewaokoa."

Alilisema bila ukali wowote.

Hata hivyo Odero aliandika. Kurasa mbili, kwa mpangilio, hoja ya kwanza hadi ya sita, na ombi kwamba lengo la saba lisahihishwe upya kwa wote. Jina la mkewe hakulitaja. Wanjira alipozipiga taipu alirudi na nakala, akasimama mlangoni.

"Daktari, ningeandika jina langu hapa chini, ingesaidia?"

"Wewe si mwanakamati, Wanjira."

"Najua. Nauliza tu."

* * *

Orodha ilibandikwa Jumatano saa nne asubuhi, kwenye ubao ulio nje ya masjala, majina yote thelathini na tisa. Odero, aliyeshindwa kumwambia usiku uliotangulia, alitumaini kufika nyumbani kwanza amwambie mwenyewe, lakini Philister alikuwa maktaba, na aliyemwambia alikuwa Nanjala, msichana wa miaka ishirini kutoka Bungoma aliyekuwa akikaa naye ukumbini na kumwita Mwalimu.

"Mwalimu, usiende kule kwa ubao sasa hivi. Kuna watu wengi."

"Nimo?"

Nanjala alianza kulia, ndipo Philister akajua. Alimpa msichana leso, akamwambia apanguse uso, kisha akaenda kwenye ubao. Vijana walimpisha. Mmoja nyuma, ambaye hakudhani sauti yake inafika, alisema, "Si huyu ni bibi ya Odero? Ala! Hata majibu ya kitandani hakupewa?" Mwingine akajibu, "Labda walikuwa wamenuniana." Philister aliisoma orodha yote, kutoka juu hadi chini, pamoja na majina yasiyo yake, kama mwalimu asomavyo majina ya darasa. Alirudi Woodley kwa miguu. Siku hiyo ndiyo ya kwanza aliyopita kijia cha nyuma.

Odero alipoingia, aliwakuta wanawake wawili jikoni. Ajwang ndiye aliyeanza.

"Mwanangu, nimeambiwa umemwangusha mke wako."

"Mama, si mimi niliyesahihisha."

"Mimi sijui kitabu. Nauliza: kamba iliyomkwaza, nani aliifunga?"

"Mwache, Mama," alisema Philister. Alikuwa akimenya viazi, na hakuacha. "Baba Lornah, ni lipi?"

"La saba."

"Sababu za kuhamia mjini." Aliweka kisu chini. "Nilikosea wapi?"

"Hukukosea."

"Basi kwa nini nimo kwenye orodha?"

"Majibu yako matatu ya mwisho hayamo katika mwongozo, yakapewa sifuri."

"Mwongozo wa nani?"

Alijua ni wa nani. Alitaka tu yeye aseme. Odero akasema: "Wangu."

Ajwang alimtazama mmoja, akamtazama mwingine. "Aliandika nini huyu?" aliuliza. Philister akamweleza kwa Kijaluo, polepole, sababu moja baada ya nyingine, hadi ile ya nne. Bibi aliweka mikono juu ya magoti.

"Hiyo ni mimi," alisema. "Mimi ndiyo sifuri?"

Lornah aliingia kuuliza kama viazi viko tayari, akatazama nyuso, akatoka tena.

"Umeandika kwa kamati?" Philister aliuliza.

"Nimeandika. Kurasa mbili. Wanakaa Ijumaa."

"Usiwaombe kwa ajili yangu."

"Sijakutaja."

"Hiyo pia si sawa," alisema Philister. "Ukinitaja, ninakuwa mke wa mtu anayebembelezewa. Usiponitaja, ni kana kwamba sikuandika kitu. Nimekuwa nikitafuta tangu asubuhi njia ya tatu ya kukuambia ufanye, na sijaipata. Wewe umeipata?"

"Hapana."

"Basi tule."

* * *

Ijumaa, waraka wa Odero ulikuwa jambo la nne katika ajenda. Profesa Gichuru alipoufikia, alikohoa kidogo.

"Kwa mujibu wa taratibu, mwanakamati mwenye maslahi ya kifamilia hutoka nje wakati jambo linapozungumzwa. Ni taratibu tu, Dakta Odero."

"Waraka unahusu wanafunzi wote."

"Ni kweli. Lakini mmoja wao..."

"Basi nisomewe niwepo, nijibu maswali, halafu nitoke wakati wa kura."

"Ukiwepo watu hawatakuwa huru kuuliza." Profesa alitazama mezani pote, akitafuta mtu wa kumsaidia, na Nzomo, aliyekuwa na mzaha kwa kila jambo, akawa anachora duara kwenye karatasi yake.

Odero alitoka. Korido ilikuwa ndefu, imepigwa rangi ya krimu, na benchi moja ambalo wanafunzi huketi wakisubiri kuonywa. Hakuliketia. Alisimama karibu na mlango kwa kiasi ambacho mtu mwenye heshima zake anaweza kusimama, akasikia sauti bila maneno. Wanjira akapita na sinia ya chai, vikombe sita. Alipofungua mlango kwa kiwiko, maneno yakapenya: "...mwalimu mzuri kabisa, lakini tukifungua moja..." Mlango ukafungwa. Wanjira alipotoka alisimama mbele yake na sinia tupu.

"Hawajakusoma wewe, Daktari. Karatasi zenyewe ziko pale katikati, zimefunikwa na sahani ya biskuti."

"Ahsante, Wanjira."

"Nikuletee chai hapa?"

"Hapa hapana meza."

Baada ya dakika kumi na mbili alisikia kicheko. Alikitambua kuwa cha Nzomo, na kwa muda akatumaini, kwani mtu hacheki akiwahukumu watu. Kisha viti vikasogezwa, mlango ukafunguliwa, na Profesa Gichuru mwenyewe akamshika mkono na kumwingiza, kama mwenyeji anavyomkaribisha mgeni aliyechelewa.

"Tumeamua kwamba hoja zako ni nzito na zitazingatiwa kwa mwaka ujao. Kwa mwaka huu matokeo yanabaki. Na tumekuheshimu, Odero. Tumezungumza muda wote huo bila kulitaja jina lake."

Odero alisema ahsante. Alishangaa baadaye kwamba neno hilo ndilo lililotoka, lakini ndilo analofunzwa mtu kulisema anapofunguliwa mlango. Wakaendelea na jambo la tano.

Alipofika Woodley alimkuta Philister ameketi kitandani, akipanga vitabu vya Chuo ndani ya katoni.

"Wamesema nini?"

"Watazingatia mwaka ujao."

"Mimi sipo mwaka ujao."

"Najua."

"Wengine thelathini na wanane?"

"Nao pia."

Alitikisa kichwa taratibu. "Yule mtoto wa Kitui, aliyeandika kwamba watu huja mjini kwa kuwa mvua imekataa kuja kwao, alinionyesha jibu lake tulipotoka ukumbini. Nilimwambia atapata zote." Aliufunga mdomo wa katoni kwa kamba, akakaza fundo kwa meno. "Nisaidie kuinua."

Odero akamsaidia kuinua.

* * *

Mwezi Agosti alimwandikia barua yule mtaalamu mgeni, akieleza yote. Jibu lilifika Oktoba, kwenye karatasi nyembamba ya barua za ndege, la adabu na la haraka. Mgeni alisikitika. Alisema kwamba nane kwa kumi ilikuwa ya wauguzi, kwa sababu muuguzi asiyeijua mifupa anaweza kumuumiza mtu. Kwa Masomo ya Jumla yeye binafsi asingeweka namba yoyote kabla ya kuwajaribu wanafunzi kwa miaka miwili au mitatu. Alikuwa amedhani wangeweka yao. Odero alimpa Philister barua ile aisome. Aliisoma akiwa amesimama, kikapu cha madaftari ya darasa la nne begani, akamrudishia.

"Ana mwandiko mzuri," alisema, akatoka kwenda shule.

Kamati ilitimiza ahadi yake. Mwaka 1975 mwongozo wa lengo la saba ulirekebishwa, ukaongezewa majibu matatu: kumfuata mume, kuuguza mgonjwa, na aibu. Wahadhiri waliyaandika ubaoni yote manane, wanafunzi wa mwaka wa kwanza wakayanakili na kuyakariri, na tangu hapo karibu wote hulifikia lengo hilo. Kiwango kilibaki nne kwa tano. Odero aliomba kuondolewa katika usimamizi wa Masomo ya Jumla, akakubaliwa. Philister hakuomba tena nafasi ya Chuo.